Mtu Aliyesimama Nyuma ya Mamba

Ukitaka kuniita mwongo, ngoja nimalize kwanza. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana peupe, na walikuwapo watu wawili kando yangu ambao wako hai mpaka leo. Najua visa vya namna hii hupenda usiku na makaburi. Changu kilipenda asubuhi ya jua kali, kando ya mto Athi, mahali ambapo upande mmoja ni Makueni na upande wa pili ni Kitui.

Mimi ni mtu wa Tawa kwa kuzaliwa, na kazi yangu ni askari wa wanyamapori. Usifikiri nawinda nyara. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini zamani sana, na mimi huitwa tu pale mnyama anapokuwa ameua mtu na hakuna njia nyingine. Leo fisi, kesho nyati, keshokutwa mamba. Nina bunduki yenye darubini juu yake, na nisijifanye mnyenyekevu, naijua bunduki hiyo kama mke wangu anavyoujua mwiko wake.

Vijana wakiniona na bunduki huniuliza swali lile lile: unaweza kupiga mbali kiasi gani? Swali hilo hunikera mpaka leo. Kupiga mbali hufundishika. Unajifunza kupumua, unajifunza kutulia, unajifunza kwamba upepo unaokupuliza wewe si ule unaompuliza mnyama kule aliko. Kazi yenyewe ni kujua kilicho nyuma ya mnyama, maana risasi ikimkosa haisimami kuomba radhi. Babu zetu waliowinda kwa mishale walinyatia mpaka wakaziona kope za mnyama, na sijasikia hata mmoja aliyejisifia umbali.

Basi huyo mamba alikuwa amemchukua Kalunde, mke wa Mzee Nzioka, akiwa anafua nguo upande wetu wa Makueni. Kilichopatikana ni leso yake tu, imenasa kwenye matete. Mto ule ndio kisima cha kijiji kizima, kwa hivyo baada ya msiba watu waliendelea kwenda kuchota, lakini wakichota kwa kurusha ndoo kwa kamba na kukimbia. Wazee walisema wazi kwamba asipouawa, atarudi kuchukua mwingine. Ndipo nikatumwa, mimi na mwenzangu Mumo, ambaye kazi yake ni kushika darubini ya mkononi na kuniambia anachoona. Macho ya Mumo huona kupe kwenye ng'ombe wa jirani.

Nilijaribu kwanza kumkaribia, niamini. Kila tulipokaribia, aliteleza majini kabla hatujalala chini. Alikuwa na jiwe lake pana upande wa Kitui, juu kidogo ya kidimbwi, ambapo alipenda kupanda kuota jua. Mahali pekee nilipoweza kumwona bila yeye kuniona ni mwamba wa upande wetu, mita mia tatu hivi. Sasa fikiria: ubongo wa mamba ni mdogo, hata ndimu ni kubwa kuliko huo. Ukimpiga mahali pengine, anaingia majini na maumivu yake, na mama wa mtu mwingine ndiye atakayelipa. Halafu risasi ikigonga jiwe au maji huruka mbele, kama vile watoto wanavyorusha vijiwe bapa kwenye bwawa. Nyuma ya jiwe lile kulikuwa na mchanga mtupu, kisha ukingo wa Kitui.

Kwa hivyo niliomba jambo moja tu, watu wasifike mtoni asubuhi hiyo. Lilitangazwa makanisani Jumapili, likatangazwa sokoni. Naibu chifu wa upande wetu akaniambia mwenzake wa ng'ambo ameshaambiwa. Nikaridhika.

Mzee Nzioka alikataa kubaki nyumbani. Alikaa nyuma yetu pale mwambani, kofia mkononi. Mamba akapanda jiwe lake taratibu kama mwenye nyumba anayeingia sebuleni, akajilaza, ubavu wake ukituelekea. Mumo akakagua mchanga wote kwa darubini yake, kutoka kushoto mpaka kulia, akaninong'oneza, "Kuko sawa. Hakuna mtu." Nami nikakagua, nikaona vivyo hivyo. Nikatulia, nikatoa pumzi nusu, nikaweka kidole.

Mtu akasimama nyuma ya mamba.

Hakutembea kuja pale. Hakukuwa na mtu, kisha mtu akawapo. Kifua wazi, podo la mishale begani, upinde mkononi, amevaa ngozi kiunoni. Nikasema moyoni labda ni mchungaji mwenye vituko. Nikamwuliza Mumo ni nani yule aliye nyuma ya mamba.

"Wapi?"

"Pale. Mwenye upinde."

Mumo akaangalia kwa muda mrefu. "Bosi, ni mchanga tu."

Nikaondoa jicho kwenye darubini, nikaangalia kwa macho matupu. Mchanga tu. Nikarudisha jicho, yupo. Nikafuta kioo kwa shati, yupo. Hapo nikafanya jambo ambalo mtu yeyote anayeijua darubini ya bunduki angelifanya, nikazungusha pete yake ili nivute picha karibu. Mamba akakua mpaka nikaona meno yaliyotokeza nje. Mtu hakukua. Nikazungusha kinyume, mamba akarudi udogo wake, mtu akabaki vile vile. Umeelewa ninachosema? Kioo kilikuwa na nguvu juu ya kila kitu kilichokuwa pale isipokuwa yeye. Kwa umbali ule mtu wa kawaida huwezi kuona hata masikio yake, na mimi nilikuwa namwona mikunjo ya kando ya macho. Joto lilikuwa limeanza kuichezesha hewa juu ya mchanga, mamba akitetemeka kama kitu kinachoonekana kupitia mvuke wa sufuria. Yeye hakutetemeka. Na alikuwa ananiangalia mimi, jicho kwa jicho, kupitia kioo kile kile.

Utaniuliza kama niliogopa. Hapana, na hapo ndipo maneno hunipungukia. Nilijisikia kama mtoto aliyefikiwa na mgeni mkubwa nyumbani, wazazi wakiwa hawapo. Nilitaka kusimama nimsalimie. Kifua kilijaa kitu ambacho kanisani hukitafuta mwaka mzima nisikipate.

Nyuma yangu Mzee Nzioka alikuwa amechoka kungoja. "Si ni huyo? Piga."

Jicho langu lilibaki kiooni.

Mzee akasimama wima. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Ungekuwa ni bibi yako ameliwa, ungengoja hivi?"

Neno hilo liliniuma, sitakuficha. Nikamtazama tena mamba, msalaba wa darubini ukiwa palepale panapostahili, na nikajua kwamba nikivuta, namwua. Yule mtu akatikisa kichwa mara moja, vile mzazi anavyomkataza mtoto sukari. Kisha akainama, mikono yake yote miwili ikazama kwenye mchanga mpaka mabegani, kana kwamba mchanga ule ulikuwa na mdomo. Alipoinuka alikuwa ameshika mtungi wa plastiki wa manjano, umejaa maji. Mtu wa enzi za babu zetu, na mtungi wa lita ishirini! Akautua kando yake, polepole, usimwagike.

Nikaondoa kidole. Nikaifunga bunduki isiweze kulia. Mamba akateleza kwenye kidimbwi chake, na nilipotafuta tena mtu, hakuwapo.

Nilimwambia Mumo tunavuka. Tulipitia mawe ya juu mtoni ambako maji ni ya magoti, Mzee Nzioka akitufuata na hasira zake, akisema mambo kuhusu mshahara wangu ambayo sitayarudia hapa. Tulipofika mchangani nyuma ya lile jiwe, tulimkuta mwanamke amekaa kando ya shimo, anapumua kwa nguvu, mtoto mchanga amelala mgongoni mwake. Pembeni ulikuwa mtungi wa manjano, umejaa.

Jina lake Mutheu. Kwa kumwogopa mamba, watu wa upande ule walikuwa wameacha kufika majini, wakachimba kisima mchangani mbali na kidimbwi, shimo la kina kupita kimo cha mtu, lenye ngazi za kukanyaga ubavuni. Ukiwa ndani, hata anayepita karibu hakuoni. Habari ya kufunga mto haikuwa imewafikia. Baadaye tulijua kwamba naibu chifu wetu alipiga simu ng'ambo, mteja akawa hapatikani, akampa ujumbe mtu aliyekuwa akivuka kwenda huko, na mtu yule akadhani makanisa ya Kitui yatatangaza yenyewe. Mto ni mmoja, kaunti ni mbili, na kila upande uliamini mwingine unajua.

Mutheu hakuwa na habari ya bunduki. Alichotaka kujua ni kingine. "Ni nani kati yenu amenisaidia na mtungi halafu akaenda bila hata kusalimia?"

Alitueleza. Alikuwa amemaliza kuchota, anataka kupanda, kivuli kikafunika mdomo wa shimo. Akadhani ni mume wake amemfuata. Akasema nipokee, akauinua mtungi kwa mikono miwili, ukapokelewa. Alihisi uzito ukimtoka. Akasubiri apewe mkono, hakupewa, akakaa kidogo chini kumtuliza mtoto aliyekuwa ameanza kulia, ndipo akapanda. Tuliangalia mchanga kuzunguka shimo. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, zake, zikija.

Nikageuka. Kutoka pale shimoni, lile jiwe la mamba na mwamba wetu vilikuwa kwenye mstari mmoja. Bila yule mtu, ningevuta wakati ule ule ambapo angekuwa anapanda na mtungi wake, kichwa chake na cha mtoto vikitokeza shimoni.

Sikuhitaji kumweleza Mzee Nzioka, alikuwa ameshaona. Alikaa chini mchangani, akafunika uso kwa kofia, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba, hivi ndivyo wanawe walivyoniambia baadaye. Ilibidi nimwambie Mutheu ukweli wote, na habari ya mtu niliyemwona. Hakupiga kelele wala hakumshukuru Mungu kwa sauti. Alimshusha mtoto mgongoni, akamshika kifuani, akaniangalia.

"Na kama hangekuja?"

Swali hilo ninatembea nalo mpaka leo.

Mamba yule nilimwua wiki hiyo hiyo, kutoka karibu, nimejificha juu ya ukingo nikielekeza bunduki chini, ili risasi iishie ardhini. Kabla ya hapo nilivuka mwenyewe pamoja na Mzee Nzioka, tukapita nyumba kwa nyumba upande wa Kitui, tukachungulia kila shimo. Mamba alikufa bila kutikisika. Mzee aliniambia asante, akaenda nyumbani.

Pasta wangu anasema yule alikuwa malaika. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, ana duka Mwingi, anasema siri za Mungu zisichokonolewe. Mumo anasema ni jua lililonidanganya. Mimi sibishani na yeyote. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, kila nikilala kifudifudi na bunduki, kabla ya kumtafuta mnyama namtafuta yeye. Juzi huko Kyuso, fisi akiwa wazi kabisa kwenye shamba la ndengu lililovunwa, nilimtafuta mpaka jicho likatoa machozi. Hakuwapo. Nikainuka, nikazunguka, nikaenda kukagua nyuma kwa miguu yangu. Hapakuwa na mtu, na fisi akaenda zake, na wenzangu wakacheka mpaka jioni.

Acha wacheke. Wewe unayesoma haya, ukipewa bunduki siku moja, au hata gari, au kitu chochote kinachofika mbali kuliko macho yako, usikae ukimngoja mtu wa kukuzuia. Inuka uende ukaangalie. Mimi alinijia mara moja, na hakuniahidi ya pili.