Wayua na Shati la Muindi

Wayua wa Kalamba ana mkono mwepesi, na asiyejua hilo amuulize mchungaji mmoja wa huko kwao. Mchungaji huyo alikuwa amemfunga msichana mgonjwa wa akili kamba miguuni ili amwombee vizuri, na Wayua alipokuja na panga la kukatia kamba, mchungaji akasimama mlangoni kumzuia. Kofi alilopigwa lilisikika hadi walipokaa wanakwaya. Msichana alifunguliwa, akapelekwa hospitali, na siku hizi anauza mitumba. Mchungaji naye siku hizi akimwona Wayua huwahi kumsalimia.

Watu husema huyu mama ana roho mbaya. Waongo. Ana hasira, na ukisikia habari za kaka yake hutamlaumu.

Kaka yake, Musembi, aliugua utumbo miaka mingi. Aliharisha damu mpaka akabaki mifupa, na mwishowe madaktari wakautoa utumbo mkubwa wote, wakamtoboa tundu tumboni na kumbandikia mfuko wa kupokea choo. Mwili ukapona, moyo ukaanguka. Mwanamume aliyekuwa akichekesha mnada mzima wa mbuzi akawa halali, hataki watu, anaongea na ukuta. Kwa haya, hata mkewe hakumwonyesha mfuko huo. Aliyemsaidia kuubadilisha ni Wayua peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Siku aliyojikaza kurudi mnadani, upande wa Kwa Vonza, ng'ombe wa mtu alianguka akafa ghafla. Katika kusukumana, mnunuzi mmoja akamkumba Musembi tumboni, akahisi kitu laini chenye joto kikicheza chini ya shati. Akaruka nyuma, akapiga kelele, "Huyu ako na kithitu!"

Kithitu ni kile kitu cha kiapo na laana kinachomaliza ukoo mzima, na anayekamatwa nacho mnadani hapelekwi kwa chifu. Wakamwambia afungue shati waone. Afungue vifungo tu, arudi nyumbani kwa watoto wake. Musembi akalishika shati lake kwa mikono miwili. Wakampiga kwa fimbo za kuswagia mbuzi, wakampiga kwa mawe, wakamvunja vidole, hakuliachia. Wayua alipofika kuchukua maiti alikuta vidole vile vilivyovunjika bado vimeng'ang'ania kitambaa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha alikuwa yeye.

Ndipo akaanzisha Ukumbusho wa Musembi. Usidhani ni ofisi yenye zulia. Ni chumba cha kupanga hapo mji wa Wote, nyuma ya kinyozi, chenye maboksi ya mifuko ya choo iliyochangwa na watu wa makanisa, na benchi ambako wagonjwa wa utumbo hukaa pamoja na wagonjwa wa akili. Mara nyingi ni mgonjwa yule yule. Wayua huwapeleka kliniki, huwatafutia dawa, huwakata kamba waliofungwa majumbani. Na kila mwenye mfuko anayejiunga humpa sharti moja: mtu akikutilia shaka, fungua shati. Usingoje aulize mara ya pili.

Muindi, fundi wa viatu, aliitikia sharti hilo kama watu wanavyoitikia mahubiri, kwa kichwa tu.

Muindi ana mfuko tumboni na sauti kichwani. Akimeza dawa zake ni mtu mpole, atakushonea kiatu huku anakuuliza hali ya mama yako. Lakini msimu wa maembe uliopita alijiona amepona, akaziacha. Siku ya soko akatoka mbio kibandani kwake, akapindua meza ya nyanya akisema nyanya zinamsengenya. Vijana wakamkamata. Mmoja akamzungushia mkono kiunoni, akauhisi mfuko, na lile neno likatoka tena: kithitu.

Wayua alikuwa akifungua mlango wa chumba chake alipolisikia. Alikimbia na kufuli mkononi.

Alimkuta Muindi amepiga magoti juu ya nyanya zilizopondeka, damu inamtoka sikioni, mgongo umechapwa mpaka shati limegandamana na ngozi. Mikono yake miwili ilikuwa imelishika shati kifuani. Wayua akaiona ile mikono. Mtu mmoja mnene alikuwa tayari ameinua tofali.

"Muindi! Fungua shati!"

"Siwezi."

"Fungua, watakuua!"

"Mwaitu ako hapo," Muindi akasema, akionyesha kwa kidevu.

Mwaitu ni mama, na kweli alikuwepo. Kavata, mama mkwe wake, alisimama nyuma ya gunia lake la pojo, karibu kabisa, mkono mdomoni. Kwa Wakamba, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hata kupishana njiani mmoja hujitenga kando, sembuse kumwonyesha tumbo wazi. Nthoni, ndivyo wanavyoiita. Sauti zilikuwa zimemvuruga Muindi akili yote, lakini nthoni hazikuigusa.

"Mwaitu, geuka!" Wayua akamlilia Kavata. Mama wa watu alikuwa ameganda, hasikii.

Basi Wayua akamrukia Muindi. Watu walidhani amekuja kusaidia kumpiga, wakampisha. Muindi akamuuma mkono mpaka meno yakazama. Wayua akampiga na kufuli kwenye vidole, akampiga tena, huku analia na kumtukana, mpaka vidole vikaachia. Akalichana shati kutoka shingoni hadi kitovuni.

"Ndicho hicho! Msikiguse!" akapayuka yule mnene, na kulirusha tofali. Lilimpata Wayua begani, mfupa ukalia. Kwa mkono uliobaki akafungua kibanio cha mfuko, akaumimina wote kwenye viatu vya yule mtu.

"Nusa!" akamwambia. "Nusa, mjinga wewe! Kithitu kinanuka hivyo? Hii ni choo. Choo kama yako, ni vile tu yake inatokea hapa!"

Harufu ilifanya kazi ambayo mikutano yote ya Wayua haikuwahi kuifanya. Wenye fimbo walirudi nyuma wakiziba pua. Mwenye viatu akaanza kujipangusa kwenye vumbi, mguu huu, mguu ule. Halafu mtu akacheka, na kicheko kikaenea soko zima, wale wale waliotaka kuua sasa wameshika mbavu. Muindi alipiga magoti katikati yao, tumbo wazi, akilia kama mtoto. Kavata akajifunika uso kwa leso, akaacha gunia lake pale pale, akaenda zake.

Chumbani, nyuma ya kinyozi, Wayua alikaa amefungwa mkono kwa kitambaa. Muindi alikuwa kwenye benchi, amejifunika gunia, vidole vimevimba.

"Umeniua," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu mwenye akili zake. "Nyumbani nitaingiaje? Mama ya bibi yangu ameniona. Si ungewaacha tu. Ningekufa na heshima yangu."

Wayua alitaka kumwambia pole. Bega lilimchoma, na pole yenyewe haikutoka.

"Kaka yangu alikufa na heshima yake yote," akasema. "Hakuna mtu alimwona tumbo. Sasa watoto wake nalea mimi, hiyo heshima haiwalei."

Nje kinyozi aliendelea na mashine yake. Mwishowe Muindi akanyoosha mkono uliovimba, na Wayua akainuka, akatoa mfuko mpya kwenye boksi, akampa.

"Geuka," Muindi akamwambia.

Wayua akageukia ukuta, akangoja.