Mwanamke wa Bati Anayekataa

Laini yangu ya simu ilifungwa wiki ambayo mama alikuwa amelazwa hospitali ya Igogwe. Makampuni binafsi ya simu yalikuwa yameingia Tukuyu kwa mabango makubwa na fulana za bure, na tuliambiwa foleni za mashirika ya serikali zimekwisha. Kweli zilikwisha. Sasa ulipanga foleni nyumbani kwako, peke yako, simu sikioni.

Nilipiga huduma kwa wateja kwa simu ya mume wangu. Sauti ya mwanamke aliyerekodiwa, laini kama anabembeleza mtoto, ikasema mimi ni mteja muhimu sana. Bonyeza moja. Nikabonyeza. Bonyeza nne. Nikabonyeza. Akanirudisha mwanzo bila aibu, kwa furaha ileile. Salio lilikwisha, na habari kwamba homa ya mama imeshuka nililetewa kwa mdomo, na jirani aliyetoka huko.

Mume wangu ni fundi bati pale Ibighi. Hutengeneza ndoo na mifereji ya maji ya mvua. Mimi nilikuwa nafundisha kazi za mikono. Nikamwambia, "Nataka tumtengeneze yule mwanamke."

"Yupi?"

"Wa kwenye simu. Nimwone uso."

Tukamtengeneza, tukamsimamisha chini ya mfereji mbele ya karakana. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua haibembelezwi, maji yalizungusha gurudumu tulilomfungia mgongoni: mkono ukanyanyuka kukukaribisha, mdomo ukafunguka, kisha kichwa kikatikisika. Hapana, hapana, hapana.

Bibi mmoja aliyeshuka na ndizi zake kutoka Nkunga alisimama akamtazama. "Anakataa nini huyu, mwanangu?"

"Kila kitu, bibi."

"Basi ni mtu wa ofisini," akasema, akajitwisha ndizi.

Siku nyingine akaja ofisa wa kampuni ileile iliyonifungia laini, shati lina nembo kifuani. Alicheka, akapiga picha. "Mama, hii ni sanaa! Tuuzieni. Tutaipaka rangi zetu, ivutie wateja dukani."

Nikamweleza habari ya laini yangu. Kicheko kikamkauka. "Hilo, mama, ungepiga tu huduma kwa wateja."

Mume wangu alicheka mpaka akaangusha nyundo. Mimi nilimwonyesha mgeni barabara.

Nilinunua laini ya kampuni nyingine. Shangazi yangu wa Mbeya aliendelea kupiga namba ya zamani bila kunipata, akawaambia ndugu kwamba siku hizi najiona.