Bibiane Avuka Barafu Kumtafuta Mumewe

Majira yale ya baridi hakuna tumbo lililopita mbele ya Bibiane bila kukaguliwa. Dukani, kanisani, pale watu wanapochota maji, aliwaangalia wanawake kiunoni kwanza ndipo akawatazama usoni. Hata mwenye duka letu, mwanamume mzima aliyenenepeshwa na biskuti zake mwenyewe, alilalamika kwamba yule mama anamtazama vibaya. Tulicheka, lakini tulijua anachotafuta. Enok wake alikuwa amefariki kabla ya theluji ya kwanza, na tangu hapo hakukuwa na mtoto yeyote kijijini aliyezaliwa ili apewe jina lake.

Kwetu mtu akifa, jina lake hubaki halina kwao mpaka mtoto mchanga alipokee. Akishalipokea, basi mwenyewe amerudi. Mjane atamwita mume wangu, ndugu watamwita kaka, na nyama aliyoipenda marehemu italetwa mlangoni kwake hata kabla hajaota jino. Hakuna anayeshangaa. La kusikitisha ni jina kukaa nje baridi nzima, tena la mtu kama Enok, ambaye maisha yake yote hakuweza kukaa peke yake hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Bibiane ni mfupi, mnene, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Tangu usichana alifanya kazi kiwanda cha samaki, kwenye meza ya kukata minofu, na aliweza kupasua samaki huku anakusengenya bila kukosea upande wowote. Enok alimkuta hapohapo. Alikuwa akileta samaki aliowavua chini ya barafu, na kila akishapimiwa mzigo wake hakuondoka. "Huyu mwanamume hana pa kwenda?" Bibiane aliwauliza wenzake kwa sauti ili asikie. Enok akajibu kwamba kweli hana, na kabla ya kiangazi kuisha alikuwa amehamia kwake na mbwa wake wote.

Hawakujaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikuwahi kuwa kimya. Watoto wa visiwa vya mbali waliokuja kusoma shule ya kijijini kwetu walilala kwao. Wa mwisho alikuwa Regine, kutoka Nunaarsuk, kisiwa cha mwisho kabisa, ambacho ukikipita unakutana na dubu tu. Regine alikuja akiwa mwembamba na mwoga, akaondoka anajua kupika na kujibu mkubwa. Alikuwa akimwita Bibiane mama, na Bibiane hakuwahi kumkataza.

Enok alipougua moyo, helikopta ilikuja kumpeleka hospitali ya mjini. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na Bibiane alikuwa amfuate kesho yake. Pale uwanjani, kwa ule upepo na kelele, alimwambia tu, "Funga koti." Kesho yake ikaja dhoruba. Helikopta haikuruka hiyo kesho wala siku zilizofuata, na anga ilipotakata, aliyeletwa ni Enok ndani ya sanduku. Bibiane aliuma meno, akazika, akapika kahawa ya watu waliokuja kumpa pole. Lakini neno lile lilimkaa kooni. Maisha yote yale pamoja, na la mwisho alilompa mumewe ni habari ya koti.

Kwa hiyo Malene wa Nunaarsuk alipopiga simu kwamba mjukuu wake amejifungua mtoto wa kiume, Bibiane alikaa chini kabla hajajibu.

"Hongereni," alisema. "Analia?"

"Analia," alisema Malene. "Usiku kucha."

Mtoto anayelia sana kwetu anatafuta jina lake. Bibiane hakuuliza zaidi, maana jina la marehemu wako huendi kuliomba. Utaonekana umekosa adabu, na wenye mtoto watakuwa wamelazimishwa. Unaloweza kufanya ni kwenda kutembea, ukae mbele ya mtoto, unywe kahawa, na uache sura yako ifanye kazi.

"Barafu ikishika nitakuja tunywe kahawa," alisema.

"Njoo," alisema Malene. "Njoo kabisa, dada. Usiache." Bibiane akasikia jinsi alivyolitilia mkazo neno hilo, na moyo ukamwenda mbio.

Barafu mwaka ule ilikuwa na uvivu. Bahari iliganda, ikapasuka, ikaganda tena, mpaka jua lililopotea miezi ya giza lilikuwa limeanza kurudi ndipo Ludvig, mdogo wake Enok, aliposema sasa inabeba sleji na mbwa wa kuivuta. Ludvig ni kapera, na masihara hayamtoki mdomoni. Alimfunika shemeji yake kwa ngozi za kulungu, akawapigia mbwa mluzi, wakatoka.

"Shemeji," alisema walipofika mbali na kijiji, "hebu nieleze. Kahawa ya dukani kwetu ina kasoro gani?"

"Haina keki ya Malene."

"Yaani mbwa wangu wote hawa watoke ulimi siku nzima kwa sababu ya keki."

"Wewe endesha. Ungekuwa na mke wa kukuokea, usingeniuliza maswali hayo."

"Ningekuwa na mke ningekuwa kitandani saa hizi. Ungepelekwa na nani?"

Bibiane alicheka bila kutaka. Ludvig aliruka chini mara kwa mara kuichoma barafu kwa fimbo yake ya chuma. Ikilia ngumu wanapita, ikilia laini wanazunguka. Mchana jua lilichungulia kidogo juu ya milima, jekundu, na wote wawili wakavua kofia na glavu kulisalimu kama ilivyo desturi, masikio yakiwauma. Halafu likazama, na wao wakaendelea.

"Utapita kwa Regine?" aliuliza Ludvig.

"Kwa Regine nimeitwa?"

"Si mwanao yule."

"Mwanangu gani anayenuna? Amejifungua mtoto wa kike wiki ileile ya msiba. Nikiwa na machozi yangu nikamfumia soksi, nikamtumia kwa boti ya mwisho. Hata asante hakuna. Napiga simu, haipokelewi. Nimemlisha mtoto yule supu ya nyama ya sili mpaka akaota mashavu, leo ananinunia mimi."

"Labda ana sababu."

"Akae nayo."

Huko Nunaarsuk mbwa walianza kubweka kabla wao hawajaziona taa, kwa hiyo walipofika kila mtu alikuwa dirishani. Nyumbani kwa Malene kulikuwa kumejaa. Kwetu kahawa ya mtoto ni hivyo: unaingia, unakaa, unakula, unakunywa, na ukiona watu wamejaa mlangoni unainuka kuwapisha. Kulikuwa na keki ya zabibu, samaki mkavu, na ngozi ya nyangumi iliyokatwa vipande vidogo vya kutafuna. Bibiane aliketishwa mahali pazuri, akapewa mtoto. Mtoto alikuwa mwekundu na mwenye ngumi, anapiga kelele. Bibiane alimtazama kwa makini. Masikio hayakuwa ya Enok, lakini masikio hubadilika.

"Haya, wewe," alimwambia polepole. "Nimefika."

Mtoto akazidisha kelele.

"Humtambui?" alisema Malene huku akimimina kahawa. "Huyo ni Jokum. Baba yangu huyo, karudi na hasira zake zote. Jana kamkojolea mchungaji, na hata zamani walikuwa hawapatani."

Watu wakacheka. Bibiane naye alicheka, maana alikuwa mbele ya watu. "Jina zuri," alisema. "Baba yako alikuwa mtu wa maana." Akamrudisha mtoto taratibu, akakata kipande cha keki na kukitafuna muda mrefu. Safari nzima ile, barafu yote ile, na Enok bado yuko nje.

"Umepita kwa Regine?" aliuliza mama mmoja aliyekaa upande wa pili.

"Bado."

"Ungepita," alisema mwingine.

"Ni hapo tu," alisema wa tatu. "Hatua mbili tu."

Bibiane aliwatazama mmoja mmoja. "Kisiwa hiki hakina habari nyingine? Malene, keki yako ya leo imekauka."

"Keki haina kosa, dada," alisema Malene, na akaficha tabasamu ndani ya kikombe.

Hilo tabasamu ndilo lililomwudhi kabisa. Aliinuka kuwapisha wengine, akaenda ukumbi mdogo wa mlangoni ambako viatu vinavuliwa, akaanza kuvaa mabuti yake. Ludvig alikuwa hapo na mishipi ya mbwa mkononi, anakoroga sukari kwenye kikombe chake.

"Funga mbwa, twende zetu," alisema Bibiane.

"Mbwa hawajala, na nje ni giza. Tutalala hapa."

"Mimi nitalala na mbwa."

"Shemeji, mbwa wamekosa nini?"

Kabla hajamjibu mlango ulifunguliwa, baridi ikaingia, na nyuma yake akaingia Regine. Alikuwa amenenepa. Mgongoni, ndani ya kofia kubwa ya koti lake, alibeba mtoto, na kilichoonekana ni paji la uso na macho mawili. Bibiane aliinama kushughulika na buti la pili.

"Mama," alisema Regine. "Mumeo anauliza mbona unamkwepa."

Waliokuwa sebuleni walijazana mlangoni kutazama. Hata Jokum alibebwa akaletwa.

"Mume gani?" aliuliza Bibiane, buti moja mguuni na jingine mkononi.

"Wako. Kwani unao wangapi?"

Regine alimtoa mtoto mgongoni na kumshika mbele yake. Alikuwa msichana mnono mwenye gauni la maua, na miguuni alivaa soksi zile zilizotumwa kwa boti ya mwisho, ambazo sasa zilikuwa zimembana. "Alizaliwa alfajiri baada ya ile habari kutufikia," alisema Regine. "Tulimpa jina kabla hajakaushwa vizuri. Hakuna aliyefikiria mara mbili. Baba Enok alinifundisha kuvua samaki, ningempa nani tena?"

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia vipi? Kwa simu?"

Bibiane alijua desturi kama wote tunavyoijua. Mume harudishwi kwa simu. Mama wa mtoto ndiye anayemleta mwenyewe, ana kwa ana, na mtu mwingine haruhusiwi kumtangulia mdomo. Kumbe kisiwa kizima kilikuwa kimefunga kinywa baridi nzima, wazee kwa watoto, na picha ya mtoto haikupelekwa popote.

"Nilikuwa nije mara tu barafu ikishika," alisema Regine. "Barafu ikachelewa. Iliposhika, akapata mafua, kifua kikawa kinakoroma. Na simu nisingeweza kupokea. Ungenisikia sauti tu, ungenitoa maneno yote. Unanijua."

Malene alisema kutoka sebuleni, "Sisi tumekaribia kupasuka. Nikasema bora nimwalike mimi, kwa kahawa ya baba yangu."

Bibiane aliweka buti chini. Hakuwahi hata siku moja kufikiria gauni. Anajua fika kwamba jina halichagui, shangazi yake mwenyewe aliitwa babu na nusu ya kijiji, lakini katika kukagua kwake matumbo alikuwa amemwona Enok akirudi na suruali tu. Alinyoosha mikono, akampokea mtoto. Alikuwa mzito na mwenye joto.

"Enok," alimwambia. "Baridi nzima nakutafuta kwenye matumbo ya watu, nimemtisha mpaka mwenye duka, kumbe wewe umekaa huku unanyonya."

Nyumba nzima iliangua kicheko, kikombe cha mtu kikaanguka. Mtoto alimtazama, akashika kamba ya koti lake na kuitia mdomoni. Bibiane naye alikuwa anacheka, halafu akaacha. Alimsogeza karibu na uso wake.

"Helikopta haikuja," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikaa uwanjani na begi langu mpaka wakanifukuza nirudi ndani. Kesho yake nikaenda tena. Usidhani sikutaka kuja. Nilikuwa na mengi ya kukuambia, nikakuambia habari ya koti. Nilikupenda, mume wangu. Basi, ndiyo hayo."

Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke mbele ya watu wote. Regine alimshika bega. Watu wa mlangoni waliangalia viatu vyao.

Ludvig ndiye aliyesogea. Mishipi ya mbwa ilikuwa bado mkononi, akaitazama kana kwamba hajui imefikaje hapo, akaiweka sakafuni. Alivua kofia.

"Nipe na mimi," alisema.

"Ngoja. Mume wangu huyu."

"Alikuwa kaka yangu kabla hujamjua."

Hakulisema kwa masihara, na Bibiane hakuwa amewahi kumsikia akisema jambo bila masihara. Alimtazama yule mwanamume, nywele zimesimama, aliyekubali kuvuka bahari nzima kwa sababu ya keki. Baridi yote ile alikuja kumpasulia kuni na kumletea samaki, wakataniana, na Bibiane hakumwuliza hata mara moja kama na yeye anapata usingizi.

Akampa mtoto. Ludvig alimpokea vibaya, kama mtu aliyepewa sahani imejaa supu. "Kaka," alisema, akamsogeza taratibu mpaka paji lake la uso likagusa la mtoto.

Bibiane alisogea kwenye benchi la viatu, akasukuma mabuti pembeni, akampigapigia mahali pa kukaa.

"Kaa hapa, na umshike shingo," alimwambia. "Sote wawili tulikuwa tunamngoja."