Moto wa Shemeji

Volkano ilipolipuka tulikimbilia Gisenyi kwa miguu, nikamwachia shemeji, mume wa dada yangu, funguo za gari. Kwetu mutu aliyekupa ng'ombe wa mahari hafungiwi mlango.

Tuliporudi, shofaji, kile kipasha joto cha ndani ya gari, ilipuliza baridi tupu. Maji ya radiateri yalikuwa yamejaa. Nikafuata mipira ya maji ya moto, nikakuta imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe. Radiateri ndogo ya shofaji haikuwepo, na kuitoa lazima ufungue dashibodi nzima.

Shemeji alisema ni waasi. Nikaamini, ingawa waasi niliowajua hawakuwa na subira ya skrubu.

Baadaye alinipakia kwenda Masisi katika gari lake, ambalo shofaji yake nilijua ilikuwa imekufa zamani.

«Sogeza miguu, shemeji, upate moto.»

Nikaota moto wangu mwenyewe, na nikamwambia asante.