Pini ya Kikosi cha Mtoni

Karani wa ramani alikuwa na vidole vilivyojaa matundu ya pini. Majeshi ya nchi nne yalikuwa chini ya amri moja, kwa maneno tu, na kila kikosi kilikuwa na pini yake kwenye ramani. Kila asubuhi alizifuta kwa shati lake, akiziita "wanangu". Siku ile kikosi cha mtoni kiliomba kwa redio, mara tatu, kiruhusiwe kurudi nyuma. Ruhusa ilitaka sahihi nne, na majenerali wa nchi hizo, watu wazima na mvi zao, wakashinda wakigombania nani asaini juu. Hatimaye wakamkabidhi karatasi. Karani aling'oa pini ya kikosi cha mtoni, akaiweka juu ya sahihi zao.

"Wakubwa, redio yao imenyamaza tangu saa sita. Amri hii niipeleke kwa nani?"