Shibiri Mbili za Filimu

Ridhwani wa Kamembe hakuzaliwa na kamera shingoni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, naye mwenyewe alianza kwa kuuza vifungo na nyuzi, mpaka siku Mgiriki mmoja wa Bukavu, ng'ambo huko Kongo, alipofunga duka akambadilishia kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, kwa baiskeli. Watu walimcheka. Yeye alipiga hesabu zake: baiskeli hubeba mtu mmoja, kamera hubeba ukoo mzima. Tangu hapo hapakuwa na arusi, ubatizo wala maulidi yaliyompita, na alikuwa na sheria moja ambayo hata machozi hayakuivunja. Filimu haitoki kwenye kamera kabla haijaisha. Filimu ni mali, na mali haitupwi.

Sheria hiyo ndiyo iliyompeleka makumbusho, mwaka ule ambao malori ya jeshi yalikuwa yakivuka daraja la Rusizi kwenda Kongo karibu kila siku.

Umuhire alikuwa ameolewa Jumamosi. Mumewe, Habineza, alikuwa askari. Jumapili jioni alipanda lori akavuka. Jumatatu bibi arusi akaja kudai picha.

"Zimebaki foto nne," Ridhwani akamwambia. "Subiri niziuze kwanza."

"Nanunua mimi. Tumalize leo, kesho upeleke Bukavu zisafishwe."

Mahali alipachagua mama mkwe wa Umuhire, Patricie, aliyekulia Bukavu akarudi Rwanda bila hata sahani. Kule kilimani misheni ilikuwa na chumba cha makumbusho: ngoma, pinde, vyombo vya maziwa vya mbao na vifuniko vyake vya kusukwa. Vya mama yake vilipotea nyumba yao ilipoporwa. Angalau apigwe picha pembeni ya vya wengine.

Mtunzaji wa chumba, Mzee Ladislas, hakuwakatalia. "Lakini bila flashi. Inachosha vitu vya zamani. Mwanga wa dirisha unatosha."

Ridhwani akafurahi, betri za flashi nazo ni mali. Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya mwisho, Patricie akaenda kusimama dirishani, kando ya rafu ya vyombo.

"Nataka Bukavu ionekane nyuma yangu."

Ridhwani akachungulia. Nyuma ya bega la mama yule palikuwa na ziwa, na mabati ya Bukavu, na chini kabisa daraja, malori yamejipanga. Alijua daraja la jeshi halipigwi picha. Mchuuzi hujua bei ya kitu kabla hajakigusa. Lakini ilikuwa picha ya mwisho, na Patricie, Maman wa kila mtu, alikuwa ameshanyoosha shingo. Akabonyeza.

"Wewe. Usiguse kitu."

Mlangoni alisimama Sajini Gisa, mkuu wa doria ya kilima kile. Akaja mpaka kwenye kamera, akakamata mkanda wake wa kuvalia shingoni.

"Umepiga daraja."

"Nimepiga Maman, afande. Daraja liko nyuma yake."

"Na foto za rangi munasafishia wapi?"

Kamembe nzima ilijua ni Bukavu.

"Basi lete filimu. Yote. Naivuta hapo nje kwenye jua."

"Afande, humo ndani kuna arusi yangu," Umuhire akasema. "Bwana yangu alivuka jana."

"Wengi walivuka jana."

Patricie akatoka dirishani polepole. "Choma, mwanangu. Ila nipe jina lako vizuri. Nikimwandikia Habineza kule kwa wakubwa zako, nimwambie arusi yake ilichomwa na nani."

"Unanitisha, Maman?"

"Nakuuliza jina."

Ridhwani akatazama vidole vya sajini kwenye mkanda: havikuuachia, lakini havikuvuta. Alikuwa ameuza vifungo miaka mingi. Alimjua mtu anayetafuta mlango wa kutokea bila kugeuza mgongo.

"Afande, unahitaji kitu cha kumwonyesha mkubwa wako. Filimu inajizungusha kama uzi kwenye bobini, iliyopigwa mwisho inakaa juu. Nipe koti lako, niingize mikono ndani, gizani. Za humu chumbani ni shibiri moja. Naikata, nakupa mkononi. Arusi inaingia kwenye kikopo cha filimu."

"Nitajuaje hukukata arusi ukabaki na daraja?"

"Filimu iende Kigali, isiguse Bukavu. Kikopo abebe mtu wako. Na kamera ikae kwako mpaka uone foto zote. Ukikuta daraja, kamera yako, na mimi pia wako."

Sajini akafikiri. "Ongeza. Shibiri mbili."

Ridhwani akapiga hesabu upya. Shibiri ya pili ingekula arusi, na mali haikuwa yake. Akamgeukia Umuhire.

"Za mwisho pale arusini zilikuwa nini?"

"Zawadi. Maman akitupa maziwa, akitusemea baraka." Sauti ikashuka. "Hakuna nyingine zenye Maman."

"Kata," Patricie akasema.

"Maman, ni zako zote," Umuhire akamsihi.

"Mimi si niko hapa? Muntu yeyote anaweza kunipiga tena. Kata."

Koti likalazwa mezani, kamera na kikopo ndani yake, na makasi ya Mzee Ladislas. Ridhwani akapitisha mikono kwenye mikono ya koti, kinyumenyume. Umuhire akaifinya kola kwa vidole vyote. Upenyo mmoja tu wa mwanga na kila kitu kwisha. Sajini akaweka kiganja juu ya kitambaa, akifuata kila kilichosogea. Filimu ilikuwa ikiteleza kwa jasho. Kidole gumba mpaka kidole cha mwisho: moja. Tena. Makasi yakalia mara moja. Halafu kukawa na kupapasa kurefu, mpaka kifuniko cha kikopo kikasema *tak*.

Ridhwani akatoa utepe. Sajini akauinua kwenye mwanga.

"Mbona hakuna kitu?"

"Mwanga umeshazila, afande. Ndivyo ulivyotaka."

Wiki zile za kusubiri, Ridhwani alirudi kuuza vifungo. Picha zilipofika, Gisa alizitazama moja moja kibarazani, mbele na nyuma. Daraja halikuwemo. Akarudisha kamera, akaondoka.

Habineza alikuwemo: kanisani, mezani, akicheka na kola imemkaba. Ya mwisho makasi yaliikata katikati. Ulionekana mkono wa mwanamke umeshika chombo cha maziwa, na Habineza amenyoosha mikono yake miwili kupokea. Mwenye mkono hakuwepo.

Patricie akaishika mbali na macho, akaitazama sana.

"Hii ni nusu," akasema. "Silipi bei ya nzima."

"Hulipi kitu, Maman."

"Basi weka filimu mpya." Akavuta kiti, akanyoosha shingo. "Na ile nusu nyingine uipige sasa hivi."