Baraza ya Wenyeji

Juzi Shangani nilikuwa nimekaa na dalali wa nyumba kwenye baraza ya hoteli moja, zamani nyumba ya watu. Wakaja mwalimu kijana na mkewe, wakakaa nasi. Wanatafuta nyumba yao ya kwanza.

"Mna dola?" dalali akauliza.

"Tuna shilingi," mume akajibu.

"Bibi yangu kazaliwa mtaa huu huu," mke akaongeza.

"Mashaallah," akasema dalali, akaendelea kungoja dola.

"Basi kwa tulichonacho tunapata nini?" mume akauliza.

Dalali akaipigapiga baraza kwa kiganja. "Hapa tulipokaa."

Hatujamaliza kucheka, akatoka mfanyakazi wa hoteli. "Samahanini, tupisheni kidogo. Wageni wanataka kuipiga picha baraza ya wenyeji."

Tukainuka wote wanne. Picha ilitoka nzuri, haina mwenyeji hata mmoja.